Mkunga Aliyefunika Kila Kitu

Ukimsalimia shikamoo, Mkunga hakuitikia kabla ya kukukagua. Macho yake yalianzia kichwani, yakashuka kifuani, yakaishia miguuni, na kama alikuta kifungo kimeachia, au mtoto uliyembeba ametoa unyayo nje ya kanga, marahaba yako ilisubiri. Ungefunga kifungo kwanza. Ungeingiza mguu wa mtoto kwanza. Ndipo angesema, "Marahaba, mwanangu, sasa umekuwa mtu," nawe ungeteremka zako mjini, mtu mzima mwenye mke na kibanda cha biashara, ukijihisi umetoka kuachishwa ziwa jana.

Tulikuwa majirani kule Bugarika, Mwanza, mlimani, ambako nyumba zimejibanza kwenye mawe, na ukimwaga maji ya kufulia mlangoni kwako yanamfikia jirani wa chini kabla hujapata nafasi ya kumwomba radhi. Sisemi alizaliwa wapi wala katika ukoo gani. Mwenyewe alipoulizwa alijibu kwamba kazi yake ilikuwa kuwapokea wengine, na kama kuna anayetaka habari za kupokewa kwake basi akamtafute aliyempokea. Alikuwa amefanya ukunga ng'ambo ya ghuba na huku mjini, akazalisha wamama mpaka akazalisha mabinti wa wamama hao, kisha akastaafu. Lakini mikono yake haikustaafu. Ilikuwa mikono mipana, yenye joto hata asubuhi za mvua, na haikupita karibu na kitu bila kukigusa.

Alikuwa na msemo wake mmoja, alioutumia kwa kila shida: "Funika kwanza, maswali baadaye." Nadhani aliutoa wodini, kwa sababu kichanga akipoa anakwenda, na hapo hakuna muda wa kuulizana baba ni nani. Tatizo ni kwamba alipotoka wodini alitoka nao. Redio yake ilivaa kitambaa cha kufuma chenye mikunjo pembeni. Televisheni, ambayo wakati ule ilikuwa kitu kigeni mtaani na ilionyesha zaidi chenga, ilivaa vitambaa viwili, kimoja juu na kingine mbele kama pazia. Mtungi ulivaa. Birika lilivaa. Kiti cha mgeni kilivaa kitambaa mgongoni na kingine kwenye kila mkono, na mgeni akisimama kimoja kilimfuata kikiwa kimenasa kwenye suruali. Nilipomwachia mbuzi wangu siku mbili nilizokwenda msibani Kisesa, nilirudi nikamkuta mbuzi amevaa sweta la mtumba, mikono imekunjwa vizuri, anatafuna bila aibu. Nilimpenda mama yule. Nasema mapema ili usije ukadhani namcheka kwa ubaya.

Kuna mambo yake ambayo hayakukubaliana kabisa. Alikuwa ameona damu nyingi kuliko askari, lakini hakuweza kutazama kuku akichinjwa. Ikifika sikukuu aliniita mimi, akaniwekea kisu na sufuria uani, kisha akajifungia chumbani na kuimba pambio kwa sauti ya juu ili asisikie. Na hapo tena, sauti hakuwa nayo. Kanisani mwalimu wa kwaya alimweka nyuma kabisa, karibu na dirisha, nusu ya wimbo itoke nje. Alijua. Aliimba kwa nguvu zaidi.

Alisema uongo kuhusu umri wake, na kila mwaka umri ule ulipungua badala ya kuongezeka, mpaka mke wangu akamwambia kwamba akiendelea hivyo tutamzalisha yeye. Alicheka akapaliwa na chai. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Akitembea mtaani aliwaonyesha watu kwa kidole, huyu nilimtoa kwa miguu, yule alikuja amejifunga kitovu shingoni, hivi leo anajiita mwenyekiti. Mwenyekiti mwenyewe alikuwepo, ametoka na wageni wa wilayani, akabaki anatazama ziwa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila kitu kilikuwa kinaingia. Mitumba iliingia kwa marobota, pikipiki ziliingia, miswaki ya rangi ambayo hatukuwahi kuiota, na kila mtu ghafla alikuwa na mradi. Viwanda vya minofu vilisimama ufukoni, sangara akapanda ndege kwenda Ulaya na sisi tukabaki na mapanki, yaani kichwa na miiba yake, tukayakaanga na kuyala kwa furaha tu. Hoteli zikafunguliwa, nazo zikataka kuku na chipsi. Mimi nikafungua kibanda cha soda chini kidogo ya nyumba ya Mkunga. Yeye akaamua kufuga kuku wa kisasa.

Kundi lake la kwanza la vifaranga lilikufa. Vifaranga wa siku moja wanataka joto kama vichanga, na yeye aliwawekea jiko la mkaa kwenye chumba cha nyuma, akafunika dirisha kwa blanketi, akafunika chini ya mlango kwa gunia. Moshi ukawamaliza. Yeye mwenyewe alitolewa mle ndani akikohoa mpaka tukaogopa. Aliwazika vifaranga wale nyuma ya nyumba, kila mmoja kwenye kipande chake cha kitambaa, na siku hiyo hakumkagua mtu yeyote. Ukimsalimia aliitikia tu. Mtaa mzima ulipata baridi ya ajabu.

Habari zikafika Dar es Salaam kwa mwanawe, mtoto wake wa pekee, ambaye alikuwa akifanya biashara ya vyombo vya umeme vilivyotumika vinavyotoka Uarabuni. Akaja kwa treni. Alikuja na sanduku kubwa na neno zito, na neno alilitoa kwanza, pale sebuleni, mimi na mke wangu tukiwa tumeitwa tuwe mashahidi.

"Mama, nimekuletea mashine ya joto, haina moshi. Lakini hawa wa pili nao wakifa, unafunga virago tunakwenda Dar. Siwezi kulala huko nikijua unakohoa peke yako hapa mlimani."

Mkunga alikuwa akifuma. Hakuinua macho. Alisema Dar ni kwa watu wasiojifunika, alikwenda mara moja akaona wanaume wazima barabarani vifua wazi. Mwanawe akasubiri. Akasubiri kwa utulivu ule wa mtu aliyelelewa na mama wa namna hiyo. Mwishowe Mkunga alitoa mkono, wakashikana. "Wakifa," alisema. Mke wangu alitoka nje akajifanya anapiga chafya, lakini nilijua analia. Wanetu wote walipitia mikononi mwa mama yule. Bila yeye mlima ule ungekuwa mawe matupu.

Mashine yenyewe ilikuwa ya vipande viwili. Kimoja kirefu na chembamba, cha kutundika ukutani ndani. Cha pili kama sanduku lenye feni tumboni, cha kukaa nje. Katikati vilikuwa vimeunganishwa kwa mirija ya shaba, mirefu, imezungushwa kama utumbo. Rimoti yake ilikuwa na maandishi ya Kijapani, ila kulikuwa na picha mbili ambazo hata asiyesoma angezielewa, theluji na jua. Mwanawe alitueleza taratibu. Ukibonyeza theluji, inachota joto la chumbani inakwenda kulimwaga nje. Ukibonyeza jua, inafanya kinyume, inachota joto la nje inaliingiza ndani. Haichomi kitu chochote, inahamisha tu. Mkunga aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Kijana akamkabidhi kazi fundi wa mtaani, akarudi Dar na treni ya siku iliyofuata.

Sasa huyo fundi alikuwa mwenyeji wa Magu, hodari, ila alikuwa na dosari moja: alizaliwa mikononi mwa Mkunga. Alipotaka kuweka lile sanduku nje, nyuma ya nyumba, Mkunga alimuuliza kama ana akili timamu. Kitu cha thamani namna ile kilale nje, hapa Mwanza, kwenye mvua na wezi? Fundi akajaribu kueleza. Mkunga akamkumbusha kwamba alikuja duniani akiwa na kichwa kirefu kama papai na ni yeye aliyemkanda mpaka kikakaa sawa. Sanduku la nje likawekwa stoo, ndani, pembeni ya chumba cha vifaranga. Ukuta kati ya stoo na chumba haukufika juu, uliishia usawa wa mlango kama kwenye nyumba nyingi zilizojengwa kidogokidogo.

Fundi alipoondoka tu, Mkunga akaanza kazi yake. Nailoni iliyokuja na mashine aliiacha palepale isichafuke. Juu yake akaweka kanga. Juu ya kanga kitambaa cha kufuma cheupe chenye maua ya samawati, alichokifuma kwa ajili hiyo hiyo, na nakiri kilipendeza. Sanduku la stoo akalivika blanketi la kijivu.

Wakawasha. Picha ya jua. Mashine ikanguruma vizuri, taa ikawaka, na akina mama wa jumuiya ya kanisani waliokuja kushuhudia wakapiga vigelegele. Tukakaa kwenye mabenchi kusubiri joto kama watu wanaosubiri bwana harusi. Tukasubiri. Mke wangu akaomba kanga ya pili. Mkunga alichomeka kipimajoto chake cha homa kwenye maranda yaliyotandazwa sakafuni, na zebaki hata haikuanza safari.

Wakati huo sisi tulikuwa na siku chache tu kabla vifaranga hawajafika kwa ndege. Fundi akaitwa. Akasikiliza, akapapasa nyaya, akatamka kwamba kompresa ni nzima lakini gesi imekwisha, kwa hiyo anakwenda mjini kutafuta gesi. Mafundi wote wa miaka ile walisema gesi imekwisha. Hata pasi ilipokataa walisema gesi. Akatoweka mjini, na kila jioni akaleta habari kwamba ameahidiwa kesho.

Na Mkunga, kadiri chumba kilivyokataa kupata joto, ndivyo alivyozidi kuifunika mashine. Nilipita asubuhi moja nikakuta ameiongezea shali. Kesho yake blanketi la mtoto. "Inasikia baridi," aliniambia, akaipigapiga mgongoni polepole, kama anayemtoa mtoto gesi tumboni. Ndivyo alivyokuwa. Dawa isipofanya kazi aliongeza dozi.

Mimi kwa upande wangu nilikuwa katika raha isiyo na kifani. Kreti zangu za soda nilikuwa nikizihifadhi stoo kwake kwa hisani yake, maana kibanda hakikuwa na kufuli la maana wala friji. Siku zile, mteja mmoja alifungua soda, akanywa, akanitazama kwa mshangao na kuniuliza nimenunua friji lini. Nikaonja. Baridi, inauma meno. Nikakisia ni lile jiwe kubwa nyuma ya stoo linapooza, sikutaka kuchunguza sana. Habari ikashuka mlima, watu wakapanda kutoka kwenye vijiwe vya chini, mvuvi mmoja akaja na wenzake wote wa mtumbwi. Niliuza huku nikiimba. Nilijiona nimebarikiwa.

Vifaranga wakafika asubuhi yenye mawingu, katika maboksi ya karatasi yenye matundu, na kila tundu lilikuwa na sauti. Mkunga akafungua boksi la kwanza kwenye chumba kile kilichopoa, akamtoa kifaranga mmoja, akamgeuza kwenye kiganja na kumshika miguu. Kwa vichanga pia alifanya hivyo. Alitufundisha wote: usimpime mtoto kwa mashavu, mashavu husema uongo, mshike unyayo. Akamrudisha boksini.

"Wamepoa," alisema. "Wakifika mchana hivi, naenda Dar."

Sikuwahi kumsikia akiogopa kabla ya hapo. Fundi alikuwa mjini kwenye gesi yake. Umeme ulikuwepo, mashine inanguruma, picha ya jua inang'aa, na vifaranga wamejikusanya pembeni wakipiga kelele za kukata roho. Mkunga akavua saa. Akanawa mikono mpaka viwikoni kwa sabuni, kama zamani, na aliponawa hofu ikamtoka usoni. Akawaamuru akina mama wa jumuiya wasubiri sebuleni, tukabaki mimi na mke wangu. Akachukua kipembe chake cha mbao, kile cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni mwa mama, akapanda kwenye kiti na kukiegemeza kwenye ubavu wa mashine, jicho moja amefumba.

"Moyo unapiga," alisema. "Feni inazunguka, naisikia. Haijachoka."

Kisha akaingiza vidole nyuma, akaufuata mrija wa shaba pale unapoingia kwenye mashine. Akaurudisha mkono haraka akapuliza vidole. Ulikuwa wa moto. Nikaona sura yake inabadilika, na nikaona kwamba huyu mama amekwishakutana na jambo hili mara nyingi, katika vyumba vingine.

"Joto lipo," alisema. "Limefika mlangoni. Halizaliwi tu. Njia imezibwa."

Akaanza kufunua. Blanketi la mtoto likaanguka. Shali. Kitambaa cheupe chenye maua ya samawati. Kanga. Alipoichana nailoni, pumzi ya moto ikatoka kwenye mashine na kumpiga usoni mpaka kilemba kikasogea. Mke wangu akacheka kwa kwikwi. Mkunga akasimama pale kitini, vitambaa vyote chini ya miguu yake, akageuka na kututazama mmoja mmoja kwa ukali wa wodini.

"Nani alimfunika mtoto huyu pua?"

Mke wangu akatazama sakafu. Mimi nikatazama bati. Hata leo swali hilo halijajibiwa.

Tukadhani imekwisha. Lakini joto likitoka mbele, ubaridi ulikuwa ukitumwagikia kisogoni, kutoka juu ya ule ukuta usiofika darini. Mkunga alinyoosha kiganja hewani akautafuta, kama anayetafuta mahali panapovuja. Hapo ndipo nilipotaja soda zangu. Nilitaja kwa shida, maana nilihisi biashara inanitoka. Tukafungua stoo. Lile blanketi la kijivu lilikuwa limekakamaa, chini yake sanduku limeota barafu nyeupe, na kreti zangu zimepangwa mbele yake zikitoa jasho. Mashine ilikuwa inafanya kile hasa mwanawe alichosema. Ilikuwa inachota joto, ila inalichota stoo na kulileta chumba cha pili, na ubaridi wa stoo unapita juu ya ukuta kurudi kwa vifaranga.

"Kumbe siku zote nakupoozea soda," Mkunga aliniambia, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akacheka, kicheko kile cha kupaliwa.

Sanduku lilipaswa kutolewa nje, na fundi alipaswa kutafutwa. Vifaranga wasingengoja. Basi Mkunga akatokea sebuleni na boksi mikononi na kutoa amri moja tu, kila mtu kifuani. Akina mama wa jumuiya wakaingiza vifaranga kwenye blauzi zao, wanne wanne, watano watano. Akatoka barabarani. Mwenyekiti alikuwa akipita na kaunda suti yake, akafunguliwa vifungo hadharani na kujazwa, yeye ambaye siku zote alifungishwa. Mvuvi aliyekuja kutafuta soda ya baridi akapewa vifaranga badala yake, akawaweka ndani ya kofia na kofia kichwani, akatembea shingo wima. Mtaa wote ulikuwa ukilia pio pio. Watu walisalimiana kwa kuinamisha kichwa tu, kwa kuwa kukumbatiana haikuwezekana. Mke wangu aliniambia hajawahi kucheka vile tangu harusi yetu, na ninakumbuka kwenye harusi alicheka kidogo sana.

Fundi akapatikana, bila gesi. Alipoelezwa alikunja mikono ya shati kwa heshima, kwa kuwa mtu aliyezaliwa na kichwa kama papai hawezi kusema nilikwambia. Tulilisukuma sanduku kwa mlango wa nyuma, mirija ikinyooshwa kwa uangalifu, tukaliketisha juu ya lile jiwe kubwa, ambalo jua likitoka hulichemsha mpaka jioni. Likanguruma. Ndani kipimajoto cha homa kikapanda. Ilipofika saa sita watu wakaanza kurudi mmoja mmoja na kurudisha mizigo yao kwenye maranda, wengine kwa shingo upande, mwenyekiti wa mwisho kabisa. Mkunga alishika miguu ya kila kifaranga aliyeingia. Wachache tulikuwa tumewapoteza asubuhi. Waliobaki walikula pumba na dagaa wa kusagwa kama walioalikwa.

Ilibaki habari ya wezi. Mkunga akavaa viatu vyake vya kanisani, akateremka kwenye kijiwe cha vijana ambao kila mtu aliwajua kwa mikono mirefu. Nilimsindikiza. Hakuwatukana. Aliwasimulia kila mmoja alivyozaliwa, kwa kina, mbele ya wenzake na mbele ya wasichana wawili waliokuwa wakikaanga mihogo. Alipofika wa tatu, waliobaki waliomba radhi mapema kwa jambo ambalo hawajafanya, wakajitolea kulinda. Sanduku lilikaa juu ya jiwe miaka yote ile, usiku na mchana, na kilichowahi kuibwa pale ni blanketi la kijivu peke yake, ambalo Mkunga alikuwa amelirudisha kinyemela siku moja ya mvua. Sote tuliamini mwizi alifanya vile kwa nia njema.

Mwanawe alirudi baada ya kuku kukomaa. Akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akakaa mle muda mrefu, akatoka na maranda kwenye soksi. Mashine ilikuwa wazi. Kitambaa cheupe chenye maua ya samawati kilitundikwa ukutani, chini yake, mahali ambapo kingeonekana bila kudhuru. Mwanawe akamwambia mamake abaki. Mkunga akajibu kwamba hakumbuki kama kuna mtu aliwahi kusema ataondoka, kisha akanipa kisu, akajifungia chumbani, na kuanza kuimba.

Mimi nilihamia Kisesa baadaye, kwa sababu ya shamba la mke wangu na mambo mengine. Nilikuwa nikimtembelea, kisha nikawa nikimtembelea kidogo, kama inavyokuwa. Nilipopata habari kwamba anaumwa nilipanda mlima ule nikiwa na pumzi fupi kuliko zamani. Nyumba ilijaa akina mama wa jumuiya. Walikuwa wamefunga madirisha na kuvuta mapazia. Mkunga alilala kwenye kitanda chake chini ya blanketi mbili na mashuka, na juu ya yote walikuwa wamemtandazia vitambaa vyake vya kufuma kwa mapenzi, vya redio, vya viti, vya birika. Kichwa chake kilitokeza kidogo tu, kinatoka jasho.

"Shikamoo, Mama."

Macho yake yakaanza safari. Kichwani. Kifuani. Yakasimama. Nikatazama, nikafunga kifungo changu cha koti.

"Marahaba, mwanangu." Akaninong'oneza nisogee, nikasogea mpaka sikio langu likawa mdomoni kwake. "Chombo hiki ni kizima. Moyo unapiga. Ila hawa watoto wamenifunika pua."

Nilicheka kwa sauti, katika chumba cha mgonjwa, na akina mama wakanitazama kama mwehu. Sikujali. Nilianza kufunua. Kitambaa cha birika, vitambaa vya viti, kile cheupe chenye maua ya samawati, blanketi la kwanza, blanketi la pili. Nikafungua dirisha la nyuma, hewa ya ziwa ikaingia, na pamoja nayo ule uvuguvugu wa jiwe lililopigwa na jua mchana kutwa. Akavuta pumzi ndefu, akaitoa.

"Joto lipo?" aliniuliza.

Nikakumbuka mashavu husema uongo. Nikaenda mwisho wa kitanda, nikaushika unyayo wake mpana kwa mikono miwili, nikaushikilia kwa muda wa kutosha ili nisikosee.

"Lipo, Mama."

"Basi," alisema, na akafumba macho. Nikadhani amelala. Kisha akafumbua jicho moja, lile la kusikilizia. "Miguu funika."

Nikamfunika miguu.